Tafuta neno "huenda": namna ya kusoma habari za anga bila kupigwa changa la macho

Wakuu, kila wiki kuna kitu. Leo NASA wamepata viumbe Mars, kesho kimondo kinakuja kuipiga dunia, keshokutwa jua linazimika siku sita na tuweke akiba ya mishumaa. Kwenye grupu letu la ukoo mwenye hiyo kazi ni shangazi yangu, anafowadi saa kumi na moja alfajiri watu hatujaamka, af anamalizia na "mwanangu we si unafuatilia haya mambo, ni kweli?" Basi mi ndo nimekuwa fundi wa ukoo wa kujibu, na nimechoka kujibu moja moja, kwa hiyo naandika hapa jinsi ninavyofanya mwenyewe. Usitegemee hatua zikae kwenye mstari ulionyooka, maana hata kichwani kwangu hazijakaa hivyo.

Nianze na aibu yangu. Septemba 2020 timu ya Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff ilitangaza kuona alama ya gesi ya fosfini kwenye mawingu ya Zuhura. Hapa duniani gesi hiyo inatoka viwandani na kwa vijidudu vinavyoishi pasipo na oksijeni. Mi nikasoma kichwa cha habari na aya mbili za mwanzo, nikakimbilia grupu: "Zuhura kuna viumbe, imethibitishwa." Makofi kibao. Miezi michache baadaye ikagundulika data za darubini ya ALMA kule Chile zilikuwa na kasoro, zikachakatwa upya, na kile kiasi walichotaja mwanzo, chembe 20 katika kila chembe bilioni moja za hewa, kikashuka mara kadhaa. Wengine wakasema hata alama yenyewe ni ya salfa dioksaidi, gesi ambayo Zuhura imejaa tele. Mpaka leo wanabishana. Niliporudi kusoma lile tangazo la kwanza nikakuta hawakusema popote kwamba kuna viumbe. Walisema wameona gesi ambayo hawawezi kueleza imetoka wapi, huenda ni kemia tusiyoijua, huenda ni uhai. Yaani "huenda" ilikuwepo tangu siku ya kwanza, mi ndo niliidondosha njiani.

Na hapo ndipo penye mchezo mzima. Habari inaanza kwenye makala ya kisayansi, inakwenda kwenye tangazo la chuo, inaingia gazeti la Kiingereza, inatafsiriwa na blogu ya Kiswahili, inapigwa skrinishoti, inamfikia shangazi. Kila kituo inapoteza kidogo, na kinachodondoka kwanza ni huenda. Kwa hiyo kazi yako ni moja tu, rudi kinyumenyume kwenye hiyo njia mpaka uikute pale ilipodondoka. Kwa Kiingereza chao itakuwa imevaa nguo za "may", "could", "potential", "candidate" au "consistent with". Ukiona mojawapo ya hayo kwenye tangazo la mwanzo na kwenye posti ya Kiswahili halipo, umeshamaliza nusu ya kazi.

Sasa unarudije? Usigugo kichwa cha habari chenyewe, utaletewa blogu ishirini zilizokopiana. Tafuta JINA la kitu. Kila kitu cha kweli angani kina jina, jiwe lina jina, chombo kina jina, sayari ina namba. Posti ikisema "wanasayansi wamegundua" bila jina la mwanasayansi, bila chuo, bila jina la kitu kilichogunduliwa, mi hata bando langu silipotezi hapo. Jina likiwepo, liandike pamoja na mwaka, halafu ruka matokeo yote mpaka ukute la NASA, la ESA (shirika la anga la Ulaya), la chuo husika au la jarida lenyewe. Makala nyingi zinakuwa na muhtasari wa bure juu kabisa, aya moja tu. Isome hiyo aya hata kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji, na ukikwama iweke kwenye programu ya kutafsiri, ila angalia tafsiri isije nayo ikala huenda yako.

Twende na mfano ambao shangazi aliuleta na emoji sita za moto. "NASA WATHIBITISHA UHAI MARS." Hii ilikuwa Septemba 2025. Jina la kitu: Cheyava Falls. Ni jiwe, urefu kama mita moja na upana sentimita 60 hivi, liko kwenye bonde la mto uliokauka pembeni ya kreta ya Jezero, ambako roboti Perseverance ilitua Februari 2021. Perseverance ililitoboa Julai 2024 na kutia kipande chake kwenye bomba, hicho kipande kikapewa jina Sapphire Canyon. Jiwe lenyewe lina madoa ya rangi hafifu yenye ukingo mweusi, wenyewe wanayaita madoa ya chui, na kweli ukiiona picha ni chui mtupu. Ndani ya madoa vifaa vya roboti viliona madini mawili, vivianaiti ambayo ni ya chuma na fosfeti, na greigaiti ambayo ni ya chuma na salfa. Hapa duniani madini kama hayo mara nyingi hupatikana kwenye matope, mahali ambapo vijidudu vinakula mabaki ya viumbe, vikitumia chuma na salfa kama sisi tunavyotumia oksijeni. Hicho ndo kilichowashtua.

Sasa nenda kwenye makala yenyewe iliyotoka kwenye jarida la Nature, timu ya Joel Hurowitz wa Stony Brook. Kichwa chake hakina neno uhai hata mara moja, kinaongelea madini na kaboni za Jezero. Ndani wanasema hiki ni kitu kinachoweza kuwa dalili, na kwamba kuna njia za kemia tupu zinazoweza kutoa madini yale yale pasipo kiumbe chochote, ingawa kwa baadhi ya hizo njia unahitaji joto kali na jiwe halionyeshi kuwa lilipikwa. Na angalia tarehe: wametoboa Julai 2024, makala imetoka Septemba 2025. Mwaka na ushee walikuwa wanachambua, wanaandika na kuhojiwa na wenzao, watu ambao kazi yao ni kukutafutia kosa. Posti iliyofika kwenye grupu ilihojiwa na nani?

NASA wana ngazi yenye vidato saba ya kupima madai ya uhai nje ya dunia. Kidato cha kwanza ni kuona alama tu, cha saba ni pale ambapo vipimo vingine huru vimefanyika na watu wengine wamekubali. Jiwe la madoa ya chui bado liko vidato vya chini. Kulipandisha inatakiwa lile bomba lirudishwe duniani lichunguzwe maabara, na hapo ndo pagumu, kwa sababu mpango wa kurudisha mabomba ulipigiwa hesabu mwaka 2024 ukakutwa unafika dola bilioni 11 na sampuli kufika mwaka 2040, wakubwa wakaguna. Kwa hiyo nikimjibu shangazi nasema hivi: "Shangazi, wamepata jiwe zuri kuliko yote waliyowahi kupata, huenda zamani sana kulikuwa na vijidudu, ila jiwe liko kule na sisi tuko huku." Akanijibu "kwa hiyo hakuna watu?" Hakuna watu shangazi.

Ukitaka kuliona jiwe kwa macho yako inawezekana, na watu wengi hawajui. Picha zote za Perseverance na roboti mwenzake Curiosity zinawekwa hadharani zikiwa mbichi, jinsi zilivyofika. Andika kwenye simu "Perseverance raw images" utapelekwa ukurasa wa NASA, kuna vichujio vya kuchagua kamera na siku. Siku wanaiita sol, siku ya Mars, saa 24 na dakika kama 40. Kidokezo cha wenye bando dogo: tazama vile vipicha vidogo kwanza, usifungue kila moja. Nyingi ni za ovyo kwa kweli, tairi, mchanga, kivuli cha roboti kimelala juu ya mawe jua likiwa nyuma yake, nusu ya picha imekatika. Lakini ukizoea hizo picha za ovyo unapata jicho. Mtu akikuletea picha ya Mars yenye anga la buluu iliyokoza na mlango kwenye mwamba unajua tu, picha mbichi hazikai hivyo. Mlango wenyewe uliwahi kuwa maarufu kweli, ulitoka kwenye picha ya Curiosity ya Mei 2022, halafu ikaonekana ni ufa kwenye jiwe wenye urefu wa sentimita 30 hivi. Mlango wa paka labda.

Hapo tumeingia kwenye picha, na hili nataka nilikazie. Picha za sayari zilizoko nje ya mfumo wetu wa jua, karibu zote unazoziona kwenye posti ni MCHORO. Mtu kakaa kwenye kompyuta kachora. Chini yake, kwa maandishi madogo, wenyewe huwa wanaandika "artist's concept" au "illustration", na hayo maandishi ndo ya kwanza kukatwa skrinishoti ikipigwa. Chukua K2-18b. Hii sayari iko umbali wa miaka ya nuru 124, kwenye kundi la nyota la Simba. Uzito wake ni zaidi ya mara nane wa dunia, inazunguka nyota ndogo nyekundu kwa siku 33. Aprili 2025 timu ya Nikku Madhusudhan wa Cambridge ikasema darubini ya James Webb imeona dalili za dimethaili salfaidi kwenye hewa yake, gesi ambayo hapa kwetu inatengenezwa zaidi na vijimea vidogo vya baharini, ni sehemu ya ile harufu inayokupokea ukikaribia pwani. Magazeti yakaweka picha ya sayari ya buluu yenye mawingu na jua jekundu. Hakuna mtu aliyeiona hiyo sayari. Walichoona ni mwanga wa nyota ukipungua kidogo sana sayari inapopita mbele yake, na baadhi ya rangi za huo mwanga kupungua zaidi kidogo kwa sababu zilipita kwenye hewa ya sayari. Ni mstari unaopanda na kushuka kwenye grafu, basi. Na huo mwanga ulitoka huko karibu mwaka 1900, Majimaji bado haijapiganwa.

Kwa K2-18b ndo utajifunza kusoma sigma, usiogope, ni rahisi. Sigma ni namna ya kusema "kama hakuna kitu, uwezekano gani kwamba bahati tu ingeniletea alama kama hii ninayoiona". Timu ya Cambridge walisema wana sigma 3, ambayo ni kama asilimia 0.3. Chukua sarafu. Irushe mara nane mfululizo, zote zije kichwa. Inashangaza, utapiga kelele uite watu, lakini mitaa yote ya Dar ikirusha sarafu jioni hii kuna watakaopata. Sigma 3 iko hapo, kati ya mara nane na tisa. Kwa desturi ya wanafizikia mtu hasemi "nimegundua" mpaka afike sigma 5, ambayo ni kama kurusha sarafu mara ishirini na moja hivi mfululizo zote zikaja kichwa. Hapo kila mtu anaanza kuikagua sarafu. Na bado hiyo ni kama hesabu zako za msingi ziko sawa, kwa sababu timu nyingine zilichukua data zile zile za K2-18b wakazipiga kwa njia nyingine na alama ikawa dhaifu au ikapotea kabisa. Isitoshe hiyo gesi imeshawahi kuonekana kwenye nyota mkia inayoitwa 67P, barafu na vumbi tupu, hakuna kiumbe. Kwa hiyo habari ikikujia na sigma ndani yake angalia namba, na ikikujia bila namba kabisa na wanasema "wamethibitisha", we kunywa chai yako.

Sasa upande wa vitisho. Huu ndo unaokera zaidi kwa sababu watu wanaogopa kweli, mjomba wangu mmoja alitaka kuahirisha ujenzi.

Kwanza maneno. Vyombo vyetu vya habari vinaita kila kitu kimondo, na hapo kuchanganyana kunaanzia. Jiwe likiwa bado angani linazunguka jua lake taratibu, hilo ni asteroidi. Likiingia kwenye hewa yetu likawaka, au likadondoka kabisa kama lile la Mbozi mkoani Songwe ambalo lina tani zaidi ya kumi na mpaka leo unaweza kwenda kuligusa, hicho ndo kimondo. Likiwa la barafu na linaacha mkia, ni nyota mkia. Ukisikia "kimondo kinapita karibu na dunia" ujue ni asteroidi, na "karibu" ya wanasayansi wa anga inaweza kuwa kilometa milioni saba.

Jina la asteroidi nalo linasomeka kama namba ya gari. 2024 YR4: 2024 ni mwaka ilipoonekana, Y ni nusu ya pili ya Desemba (kila nusu mwezi ina herufi yake), R4 ni foleni, ukipiga hesabu inatoka kitu cha 117 kusajiliwa katika hiyo nusu mwezi. Hebu fikiria, zaidi ya mia moja kwa wiki mbili tena msimu wa sikukuu, na dunia bado ipo. Hiyo peke yake ingetosha kumtuliza mjomba lakini haikutosha.

Kwa sababu 2024 YR4 ilikuwa na hadithi yake. Ilionekana tarehe 27 Desemba 2024 na darubini ya ATLAS, mfumo wa kuvizia asteroidi, kule Chile, ina upana wa mita kama 60. Mwanzoni uwezekano wa kutugonga tarehe 22 Desemba 2032 ulikuwa karibu asilimia 1, ukapanda, ukapanda tena, tarehe 18 Februari 2025 ukafika asilimia 3.1. Na ule ukanda wa maeneo ambako ingeweza kudondoka ulipita Afrika, kutoka Pasifiki mpaka Asia ya Kusini. Grupu likawaka moto. Halafu ndani ya siku chache tu asilimia zikaporomoka hadi karibu sifuri na watu wakaanza kusema wametudanganya, wanaficha.

Hakuna aliyedanganya, na ukilielewa hili utakuwa umeelewa habari zote za asteroidi zijazo. Chukua ukuta wa hatua 100, na mlango mmoja wa hatua moja. Mtu amefungwa kitambaa anatembea kuelekea ukutani na we unaangalia kutoka mbali sana, unachoweza kusema ni kwamba atagusa mahali fulani ndani ya zile hatua 100. Uwezekano wa kugusa mlango: 1 kwa 100. Akisogea unamwona vizuri zaidi, unasema sasa atagusa ndani ya hatua hizi 33, na mlango bado umo humo. Uwezekano umekuwa 1 kwa 33, asilimia 3. Umepanda! Ila mtu hajabadilisha njia, ni we ndo umeona vizuri zaidi. Akisogea tena unasema atagusa ndani ya hatua hizi kumi, na zile kumi hazina mlango. Sifuri. Ndo ilivyokwenda 2024 YR4, na ndo zinavyokwenda nyingi, zinapanda kwanza halafu zinazama. Kwa hiyo asilimia zikipanda usilie, kinachotakiwa kukushtua ni zikiendelea kupanda hata baada ya vipimo vya miezi.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, maabara ya JPL ya NASA wana orodha inaitwa Sentry, iko wazi, kila asteroidi yenye hata chembe ya uwezekano imo na namba zake. Angalia safu ya Torino, ni kipimo cha 0 mpaka 10. 2024 YR4 ilifika 3. Iliyowahi kufika juu zaidi ni Apophis, ilifika 4 Desemba 2004, halafu nayo ikazama. Posti ikisema dunia inagongwa mwezi ujao na Sentry kote ni sifuri, mjibu tu "jina lake nani?" Hapo huwa wananyamaza.

Kuna na aina ya "wanaficha". 3I/ATLAS hiyo, mwaka 2025. Tarehe 1 Julai ATLAS ya Chile iliona kitu kinakuja kasi ya kilometa karibu 60 kwa sekunde, kimetoka nje kabisa ya mfumo wetu wa jua, cha tatu kujulikana baada ya 'Oumuamua wa 2017 na Borisov wa 2019, ndo maana ya 3I (I ni ya "interstellar", yaani kimetoka kwenye nyota nyingine). Ni nyota mkia, ina gesi na vumbi vinavyoitoka kama nyota mkia yoyote. Profesa Avi Loeb wa Harvard akaandika kwamba huenda ni chombo cha viumbe wengine, na hapa naomba msome vizuri, yeye mwenyewe kwenye andiko lake alisema kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ni kitu cha asili tu, labda nyota mkia. Hiyo sentensi haikufika Kariakoo. Oktoba ikapita karibu na Mars na chombo cha NASA kinachozunguka Mars kikaipiga picha, lakini serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa mgogoro wa bajeti kuanzia tarehe mosi Oktoba kwa siku 43, watu wa mawasiliano hawapo kazini, picha zikatoka tarehe 19 Novemba. Siku zote hizo ilikuwa "NASA wanaficha". Kabla hujasema mtu anaficha, angalia kama ofisi iko wazi.

Zile za kila mwaka sitazichelewesha. "Mars itaonekana kubwa kama Mwezi" inarudi kila Agosti tangu 2003, mwaka ambao Mars ilisogea kweli, kilometa milioni 56 hivi, na hata usiku ule ungehitaji Mars sabini na kitu zipangwe bega kwa bega kujaza upana wa Mwezi. "Dunia giza dakika 6 tarehe 2 Agosti" ilisambaa sana 2025, wamekosea mwaka: kupatwa kwa jua kwenyewe ni tarehe 2 Agosti 2027, giza kamili litakuwa kwenye ukanda mwembamba unaopita Misri, ambako litazidi dakika sita, kisha Saudia, Yemen na ncha ya Somalia, sisi Tanzania, Kenya na ndugu zetu wa Oman tutaona jua limemegwa tu. Tafuta miwani maalumu ya kupatwa mapema, miwani ya jua ya Kariakoo haifai. Ukiambiwa sayari zimepangana, pakua Stellarium kwenye simu, ni bure, inua simu angani itakuonyesha kila nukta ni nini.

Na kitu kikidondoka kweli kijijini? Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo kama 500, kipenyo mita mbili na nusu hivi, ilidondoka kijiji cha Mukuku kaunti ya Makueni. Watu walisema kila kitu, mpaka kombora. Shirika la Anga la Kenya likaja, likaweka ulinzi, likasema ni pete inayotenganisha sehemu za roketi, ambayo kwa kawaida ingetakiwa iungulie angani au idondoke baharini. Kwa hiyo hapo fanya hivi: usiguse, vipande vya roketi vinaweza kuwa na mafuta yenye sumu, piga picha ukiwa mbali ukiweka kitu cha kulinganisha ukubwa, ita polisi, na usitoe maelezo kwenye video yako kama hujui. Sema tu "kimedondoka hapa saa fulani". Hiyo inawasaidia wataalamu kuliko nadharia yako.

Mwisho nikupe kazi ya nyumbani, kwa sababu fowadi yake nimeshaanza kuiona. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 kuamkia Jumamosi, ile Apophis niliyoitaja, jiwe la mita zaidi ya 300, itapita kilometa kama 32,000 tu juu ya uso wa dunia, ndani zaidi ya setilaiti zinazotuletea televisheni. Haitatugonga, hili halina huenda, vipimo vya rada vya 2021 viliondoa hatari kwa miaka 100 mbele. Afrika ni sehemu nzuri ya kuiona, kwa macho matupu, nukta kama nyota ya kawaida ila inasogea. Itakuwa karibu kabisa na dunia saa 6:46 usiku kwa saa zetu. Shida ni kwamba Aprili ni masika na Dar mawingu yake unayajua. Nimeshaongea na binamu yangu wa Dodoma aniwekee godoro uani, na shangazi kasema anakuja na yeye, mradi nimhakikishie kwa maandishi kuwa halidondoki.